Sauti ya Mwalimu Jenifa Mnadani

Mbulu mjini,
9 Juni 2003

Mpendwa Jenifa,

Salamu kutoka huku kwenye baridi ya kugandisha uji. Mimi mzima, sijui wewe na baba yake Patriki na Patriki mwenyewe. Basi usiniite mchoyo wa barua, kazi ya dukani imenibana. Nikolausi anarekodi kaseti kutwa nzima na mimi ndiye ninayeziandika majina kwa kalamu. Anasema kwa kuwa tumekuwa mkoa wetu wenyewe, lazima afungue duka la pili Babati kabla wajanja wa Arusha hawajamtangulia. Harusi ni Novemba. Kitambaa cha gauni nimeshanunua, nimekificha kwa mama huko Tlawi panya wasikione.

Basi neno lenyewe ni hili. Jumamosi ya tarehe 28 tunataka kuja kwako kutembea, tushinde kutwa na kurudi jioni. Tutakuwa Nikolausi na pikapu yake, mimi, na wale wawili wa darasa letu, Yonas na Eva. Tupande kile kilima chako, tule juu, halafu tushuke ziwani tuone viboko. Eva hajawahi kuona kiboko, anadhani ni nguruwe aliyenenepa.

Nimemsimulia Nikolausi jinsi ulivyokuwa mtu wa ajabu tangu uolewe. Hakuamini kwamba mwalimu mzima hawezi kusema "basi". Nikamweleza kwamba kwenu Wabarabaig mke hatamki jina la baba mkwe, wala neno linalofanana nalo, na baba mkwe wako ni Mzee Gidabasooda, jina lililotoka kwenye neno lenu la ziwa, na ziwa lenyewe ndilo Basotu. Basi unaishi Basotu na huwezi kuitaja Basotu. Alicheka mpaka akakaa chini. Bado unaita basi "gari la abiria"?

Jibu upesi, mpe kondakta.

Rafiki yako,
Fausta

*

Shuleni,
16 Juni 2003

Mpendwa Fausta,

Barua yako nimeipata na nimefurahi. Karibuni sana wote. Patriki ametimiza miaka miwili na anaongea kuliko baba yake, ingawa hilo si gumu, Alfredi unamjua.

Chakula msibebe kingi, nitapika. Leteni soda tu, za huku zinafika zimechemka. Kilima tutakipanda asubuhi kabla ya jua kali. Tukiwa juu mtauona mlima Hanang wote na maji yote chini yenu. Viboko wapo, lakini mwambie Eva hawachezewi.

Fausta, jambo moja nakuomba kama dada. Lile la jina nilikueleza wewe siku ya harusi yangu kwa sababu uliniuliza kwa upole. Mjini ni kichekesho, huku si kichekesho. Mama mkwe wangu amekaa na mimi vizuri mwaka wa nne sasa kwa sababu ya ulimi wangu huu. Alipinga sana mwanawe kuoa msichana wa shule, alisema wasichana wa shule hawana mdomo wa heshima. Mimi nimemwonyesha kwamba tunao. Mkija, mumsalimie kwa shikamoo zenu na utani huo muuache Mbulu.

Imetosha, kengele imelia.

Wako,
Jenifa

*

Mbulu mjini,
7 Julai 2003

Mpendwa Jenifa,

Asante kwa kutwa ile. Miguu bado inaniuma. Yonas anasema yule kuku wako wa kwenye hotpoti alimfanya afikirie kuhamia Hanang. Eva anasimulia mji mzima kwamba kiboko alimpigia miayo.

Kilichobaki kwenye mioyo yetu ni lile somo lako juu ya kilima. Nikolausi alikuomba kama utani, "Mwalimu, tufundishe kama watoto wako wa darasa la kwanza," nawe ukasimama juu ya jiwe na fimbo ya mti, sauti imenyooka: ba be bi bo bu, sisi tunaitikia, sa se si so su, tunaitikia, ta te ti to tu. Tulicheka mpaka wachungaji kule chini wakasimama kutuangalia. Hukujua kwamba redio ya Nikolausi ilikuwa inarekodi ndani ya kikapu.

Sasa usikasirike, maana hiki ni kitu cha kuchekesha sana. Nikolausi aliporudi dukani alikaa na redio mbili, akabonyeza na kuachia, akabonyeza na kuachia, siku nzima. Alichukua "karibuni" yako uliyotukaribishia chakula. Akachukua "ba" yako, akachukua "so" yako, akachukua "tu" yako, akaziunganisha. Na kile kicheko chako mwishoni. Jenifa, ukisikia utadhani umesema mwenyewe. "Karibuni Basotu!" Halafu muziki unaingia, na Nikolausi anasema kaseti mpya zote zinapatikana kwake. Mimi ndiye niliyempa wazo, nakiri, lakini ufundi ni wake.

Ameshampa nakala yule kijana mwenye spika anayepiga muziki kwenye mnada wa huko kwenu. Umekuwa mtu maarufu, mwalimu. Picha nitakutumia zikisafishwa.

Akupendaye,
Fausta

*

Gehandu,
4 Agosti 2003

Fausta,

Nakuandikia nikiwa kwa baba yangu mzazi. Nisome taratibu.

Siku ya mnada Mzee alikuwa amekaa na wazee wenzake kwenye uwanja wa ng'ombe. Spika ikatoa sauti yangu. Sauti yangu, Fausta, inataja jina lake mbele ya watu waliotoka mpaka Singida kununua mifugo, halafu inacheka. Ikarudia kila baada ya wimbo. Mzee alisimama, akachukua mkuki wake, akaenda nyumbani kwa miguu na ng'ombe wake hawajauzwa. Mimi nilikuwa kisimani. Niliporudi, mama mkwe alikuwa ameshatoa nguo zangu nje.

Niliwaambia sikusema. Wakaniuliza, hiyo si sauti yako? Nikasema ni yangu. Wakaniuliza, sasa nani alisema? Hebu nijibie wewe. Nilieleza habari ya kubonyeza na kuachia, wakanitazama kama mtu anayedanganya vibaya. Nani huku aliwahi kusikia kwamba mashine inasema neno ambalo mwenye sauti hakulisema? Alfredi alikuwa pale. Aliangalia viatu vyake.

Nimeambiwa nikae kwa baba yangu mpaka yeye alete dume la ng'ombe la kunisafisha. Patriki amebaki. Mtoto ni wa ukoo wao, mimi ndiye niliyechafua. Mwalimu mkuu amenipa ruhusa, hajui mpaka lini.

Ninachotaka kwako ni kitu kimoja. Njoo na Nikolausi, mje na kaseti zote mbili, ile ya somo na ile mliyoitengeneza, muwasikilizishe wazee jinsi ilivyofanywa. Wakisikia kwa masikio yao, nitarudi siku hiyo hiyo. Nakusihi. Mwanangu analala kwa bibi yake na hajui nimekwenda wapi.

Jenifa

*

Mbulu mjini,
18 Agosti 2003

Mpendwa Jenifa,

Pole sana. Nimesoma barua yako mara mbili na nimehuzunika. Lakini na wewe usinione mbaya nikikwambia ukweli.

Nikolausi hawezi kuja. Anasema akienda kusimama mbele ya wazee na mikuki kukiri, watamgeuka, na jina la duka lake litaharibika huko kote, naye anategemea minada yote ya Hanang. Na harusi ni Novemba, Jenifa. Nikianza kumbana sasa atasema namletea mikosi nyumbani. Mama yake mwenyewe hanipendi kama unavyojua.

Lakini pia, ni utani tu. Watu wote mjini wamecheka, hakuna aliyekuona mbaya. Kama wanataka dume, si baba yako ana ng'ombe? Apeleke moja yaishe. Ninyi na mila zenu za porini mnajitesa wenyewe. Wewe ni mwalimu, umesoma, huwezi kumwambia mume wako kwamba hii ni karne nyingine?

Kijana wa spika tumemwambia asiipige tena. Nadhani hilo limesaidia.

Nakuombea kila Jumapili.
Fausta

*

Nyumbani kwa mume wangu,
15 Septemba 2003

Mpendwa rafiki yangu Fausta,

Salamu nyingi zikufikie wewe na shemeji Nikolausi. Mimi mzima wa afya na moyo umetulia. Ulikuwa na haki, nilikuwa nimepaniki. Mambo yamekwisha. Nimerudi kwangu, nimempakata Patriki hapa ninapoandika, anavuta kalamu.

Na kuna jambo la kukufurahisha. Mzee, baada ya hasira kuisha, ameanza kuulizia ile kaseti. Anasema katika maisha yake hajawahi kusikia jina lake likiitwa kwa sauti kubwa namna ile, mpaka ng'ombe waligeuka. Anataka amwone huyo fundi. Jumamosi ya tarehe 11 Oktoba kutakuwa na sherehe hapa nyumbani, na ameomba shemeji alete spika zake na redio zake mbili na zile kaseti zote mbili. Wazee wanataka waelezwe mashine inavyofanya. Hawaamini kwamba mtu anaweza kuwa na akili hiyo. Mimi nimewaambia aje mwenyewe awaonyeshe.

Akiwafurahisha, minada yote ya huku itakuwa yake. Wewe mwenyewe unajua neno la Mzee linavyosikika.

Tutapanda tena kilima asubuhi kama ile siku. Safari hii chakula nitapika kingi zaidi.

Wako katika upendo,
Jenifa

*

NIKOLAUSI STUDIO NA VIFAA VYA MUZIKI
Mbulu,
24 Septemba 2003

Kwa Mwalimu Jenifa,

Nimepokea mwaliko wako kupitia kwa mchumba wangu nami nasema ahsante. Mimi tangu mwanzo nilimwambia Fausta kwamba kazi nzuri haikosi mwenye kuithamini. Mwambie Mzee nakuja na spika mbili kubwa, jenereta, maikrofoni na kaseti zote, ya kwanza na ya pili, nimwonyeshe hatua kwa hatua. Siri za kazi huwa sitoi, lakini kwa heshima yake nitatoa.

Ile kazi ya sauti yako, mwalimu, ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya. Hakuna mtu hata mmoja aliyegundua maungio.

Wako katika bizinesi,
Nikolausi

*

Tlawi,
20 Oktoba 2003

Jenifa,

Nimekaa kwa mama.

Ulitupikia. Ulitupandisha kilimani. Ulimshika Eva mkono kwenye mawe. Ulitabasamu kutwa nzima na meno yako yote, na mimi mjinga nikasema moyoni, rafiki yangu amenisamehe. Nilikuuliza Patriki yuko wapi ukasema amelala kwa bibi. Kumbe hata ndani ya nyumba ile ulikuwa hujaruhusiwa kuingia.

Ulimwona Nikolausi alivyosimama na maikrofoni yake. Mzee aliuliza kwa upole kabisa, Alfredi akatafsiri: mashine inachukuaje sauti ya mtu? Na yule mpumbavu akajaa kama andazi. Akapiga kaseti ya somo. Wakakusikia, ba be bi bo bu. Akasema, sasa tazameni, nachukua hii, naacha hii, nachukua hii. Akapiga ya pili. Akasema kwa spika zake mwenyewe, kijiji kizima kinasikia, "Mwalimu hakusema neno hili hata siku moja, nimelitengeneza mimi kwa vidole hivi." Akangoja wampigie makofi.

Akina mama walipotokea nyuma ya zizi na fimbo zao na sketi za ngozi, wanaimba, alidhani ni ngoma ya kumpongeza. Aliwasogezea maikrofoni awarekodi, Jenifa. Mpaka walipokaa chini kuizunguka pikapu, na Alfredi akamwambia kwamba hicho ni kikao cha wanawake cha hukumu, na kwamba amemvunjia mke wa watu heshima yake, na kwamba hawataondoka mpaka dume jeusi lifike. Hapo ndipo nilipouona uso wako. Hukuwa unatabasamu tena. Ulikuwa umeshiba.

Akanisaliti papo hapo. "Ni huyu aliyenipa neno, mimi ningelijuaje?" Mama mkwe wako akanijia, akaniuliza, nawe ukawa mkalimani wangu: nilijua? Nilikueleza yote. Nilisema nilijua ni mwiko lakini sikujua utafika kwa Mzee, nilidhani ni mzaha wa mjini, nilisema naomba msamaha, nililia. Ukatafsiri. Yule mama akaniangalia, akatema mate chini, akageuka. Hakuna mwanamke aliyenipa mkono tena pale.

Nikolausi aliacha spika na jenereta kwao mpaka apeleke dume. Alipoachiwa pikapu aliiwasha akaondoka na Yonas na Eva. Mimi nilibaki nimesimama. Nililala kwa mwalimu mkuu wako, asubuhi nikapanda basi la kurudi. Wiki iliyofuata wajomba wa Nikolausi walikuja hapa kwa baba yangu kuvunja uchumba. Wamesema hawataki mwanamke anayeuza siri za rafiki zake. Sababu hiyo kaitoa yeye, aliyetengeneza kaseti kwa vidole vyake. Baba hajanisemesha. Kile kitambaa cha gauni mama amekiondoa mahali nilipokuwa nakiona.

Mimi nilikukosea kwa kucheka. Wewe umenikosea kwa kukusudia. Tofauti hiyo Mungu anaijua.

Fausta

*

Nyumbani,
10 Novemba 2003

Fausta,

Nimerudi. Safari hii ni kweli.

Dume jeusi lilifika baada ya wiki mbili, Nikolausi alilileta mwenyewe kwa miguu kwa sababu wazee hawakutaka liletwe kwa pikapu yake. Lilipochinjwa kusafisha jina langu, mama mkwe alinipaka mafuta kichwani mbele ya wanawake wote na kusema mdomo wangu ni safi. Wanawake wakaimba jina langu. Nilisimama wima. Sijawahi kufurahi namna ile, na sitaki kukudanganya kwamba nilikuonea huruma.

Unasema ulicheka, hukukusudia. Fausta, nilikuandikia kutoka Gehandu kwamba mwanangu hajui nimekwenda wapi. Ukanijibu habari za harusi yako. Hapo hukuwa unacheka. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Nikuambie mambo mawili, maana sina tena sababu ya kuyaficha.

La kwanza ni la tafsiri. Ulisema maneno mengi siku ile na ulilia kweli, niliona. Mama mkwe alinitazama akingoja. Nilimtafsiria neno moja. Nilisema, "Alijua." Yale mengine sikuyapeleka. Kama ningeyapeleka, naamini angekupa mkono, kwa sababu ni mama mwenye haki. Sikutaka akupe mkono.

La pili ndilo linalonikaa moyoni. Baba yangu alikuwa na dume tayari wiki ile ile ya kwanza nilipofika Gehandu. Jeusi, halina hata doa. Alilifunga mlangoni akaniambia, mwanangu, nilipeleke kesho, urudi kwa mtoto wako. Ulichoniandikia Agosti kwa dharau, yeye alikuwa ameshakifikiria kwa upendo. Mimi ndiye niliyekataa. Nilimwambia likitoka kwetu litakuwa limekiri kwamba nilisema, na mimi sikusema. Hiyo ni kweli na mtu yeyote akiniuliza nitamjibu hivyo. Lakini kulikuwa na jingine nililolijua mimi peke yangu. Nilitaka dume litoke kwenu. Nilitaka nikuone umesimama pale. Kila Jumamosi baba aliniuliza, nami nilimwambia tusubiri kidogo. Miezi ilipita hivyo, lile dume limefungwa mlangoni linakula majani, na mimi nakaa kivulini natunga barua tamu ya kukuita, maana Mzee alikuwa amekubali kumsikiliza fundi mwenyewe.

Nilipoingia hapa nyumbani na mafuta yangu kichwani, Patriki alikuwa anacheza na ndama. Nilimwita. Alikuja vizuri, ana adabu, bibi yake amemfundisha. Alisimama mbali kidogo, akainamisha kichwa nimguse kama wanavyofanya kwa wageni, akasema, "Shikamoo, mwalimu." Watoto wakubwa ndivyo wanavyoniita, naye amelishika kwao. Nikaitikia marahaba. Nikamwambia mimi ni mama. Akageuka kumwangalia bibi yake, kama anayeuliza kama ni kweli.

Kila mtu ananiambia atazoea. Nalala naye, nampikia, nambeba kwenda naye shuleni. Juzi alianguka kwenye mawe akaumia goti. Mimi nilikuwa karibu, nikanyoosha mikono. Alinipita akilia, akakimbia mpaka jikoni kwa bibi yake.

Usinijibu.

Jenifa